Hatua ya Saba

Mimi ni fundi cherehani na nina mdomo, nalisema hilo mapema. Suruali ikipinda nasema imepinda, hata kama mwenyewe ameshaivaa na kujigeuza mbele ya kioo. Kwa hiyo haya sikuyapamba. Yalimpata mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi, ndani ya nyumba hii ambamo bado naishi. Ilikuwa mchana, jua linawaka, na jirani alikuwa anaanika mashuka.

Tulimwita Kidole. Alipokuwa mdogo, mjomba alimletea mashine ya michezo, ile ya zamani ya kuchomeka kwenye televisheni, na tangu siku hiyo vidole gumba vyake havikutulia. Akila, vinacheza juu ya meza. Akilala, vinacheza juu ya shuka. Mama alikuwa akisema huyu mtoto ataoa pedi, ile ya kushika kwa mikono miwili yenye vitufe na vijiti vya kuongozea. Baba hakutania. Kwa miaka kumi aliuliza swali moja: "Hiyo michezo utaila?"

Wazazi walipofariki tukabaki wawili, na mimi ndiye niliyekuwa mama na baba na askari. Kidole alikuwa na moyo mzuri ila hakuwa na ustahimilivu. Useremala aliufanya miezi minne, udereva wiki sita, chuo mwaka na nusu. Kwa hiyo nilikuwa na neno langu moja kwake: "Maliza." Sahani haijasuuzwa, maliza. Kitanda kimetandikwa upande mmoja, maliza. Alikuwa akiniigiza mbele ya wateja wangu, mkono kiunoni na midomo imebana pini, nao wanacheka mpaka siwezi kuwapima kiuno.

Halafu akapata kazi, na kazi yenyewe ni ya michezo. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Walikuwa watu wachache tu, nao walikuwa wanatengeneza mchezo wa fundi bomba anayezunguka kwenye jengo kubwa akitafuta maji yanavujia wapi. Jengo lilikuwa na vyumba arobaini. Vyote vilichorwa na dada mmoja mpole, ambaye Kidole alimtaja sana, nami nikaanza kumtazama kwa jicho la wifi. Kidole aliajiriwa kama mjaribu.

Nilidhani atakuwa anakaa akicheza mpaka jioni. Nikamwambia basi na mimi nitafute kazi ya kulala.

"Dada, kucheza na kujaribu ni vitu viwili," akasema. "Mimi nasukuma kuta."

"Unasukuma nini?"

"Kuta za mchezo. Naingia chumbani, namgeuza Fundi aangalie ukuta, nambonyeza aende mbele. Anatembea palepale, haendi popote. Nasogea kidogo, nambonyeza tena. Ukuta mzima hivyo, halafu unaofuata. Natafuta mahali atakapopenya."

"Akipenya anaangukia wapi?"

"Nyuma ya ukuta hakuna kitu. Hawakuchora chochote huko."

"Na anatokaje?"

"Hatoki. Mpaka mtu azime."

Nilicheka. Nilimwambia hata mimi nikiambiwa nishone pindo moja mara mia mbili kuona uzi utakatika lini, nitauchukia uzi. Yeye hakuuchukia. Alisema watu wanadhani kazi ya michezo ni utoto, lakini kuna mtu alikaa chini akaamua mlango huu ufungukie ndani, ngazi hii iwe na vidato kumi na tatu, taa hii iwe hafifu ili mgeni asite kidogo kabla ya kuingia. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya kuangaliwa. Akifanya vizuri angepandishwa akae na yule mchoraji, naye apewe chumba chake cha kubuni. "Chumba kimoja tu, Dada. Niseme hiki nimekitengeneza mimi." Sikuwahi kumsikia akitaka kitu namna ile. Nilimwombea usiku huo na sikumwambia.

Alikuwa akiniibia chaki. Ile chaki ya bluu ya kukatia nguo aliitumia kuweka alama pembeni ya skrini, alama moja kwa kila ukuta aliomaliza. Kipande kimoja kilikuwa hakitoki mfukoni mwake, na mifuko yake yote ilikuwa na madoa ya bluu.

Mwezi wa tatu ofisi ilipakwa rangi, wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Kidole akaleta kompyuta, akaifunga kwenye chumba chake cha nyuma. Mimi nashonea chumba cha mbele. Kati yetu kuna ukuta mmoja, na kutwa nzima nikawa nasikia nyayo za Fundi Bomba anapobonyezwa ukutani: ko, ko, ko. Baada ya siku mbili nilikuwa nakanyaga cherehani kwa kufuata mwendo wake.

Kabla ya Kidole palikuwa na mjaribu mwingine. Msimamizi wao alisema aliacha kazi bila kuaga, na kwamba vijana wa siku hizi ndivyo walivyo, ingawa bwana huyo alikuwa na miaka arobaini. Aliacha ripoti moja ambayo haikuwahi kuthibitishwa. Ilisema kipo chumba cha arobaini na moja. Chini yake alikuwa ameandika hatua nane za kukifikia.

Hapa niwaeleze kitu kimoja kuhusu kazi yao, kwa sababu ndicho kilichotuponza. Mjaribu akiona kasoro haitoshi kusema ameiona. Anaandika hatua alizopita, moja baada ya nyingine, ili mwenzake azifuate na kuiona kasoro ileile. Hatua zikifuatwa mara tatu na kasoro ikatokea mara tatu, ndipo inakubalika. Ikipungua hapo ripoti inatupwa, na aliyeileta anaonekana mzembe.

Msimamizi alimpa Kidole ripoti ile siku ya Jumanne. Mchoraji alisema ni upuuzi, amechora vyumba arobaini kwa mkono wake na anavijua vyote.

Saa nne asubuhi Kidole akaja chumba cha mbele, amejiegemeza mlangoni.

"Dada, kipo."

Alinieleza. Ni chumba kidogo, hakina dirisha wala mlango. Kuna mwanga lakini taa haionekani. Na ndani yake kuna mtu amegeukia ukuta, anatembea palepale.

"Fundi Bomba," nikasema.

"Fundi Bomba ndiye ninayemwongoza mimi. Huyu ni bwana mwingine. Kavaa sweta ya mistari."

Tukamwita Bwana Sweta, tukacheka. Kidole akapiga picha ya skrini, akamtumia mchoraji. Jibu lilichelewa saa nzima. Lilikuwa na maneno machache: "Hiyo sweta naijua. Ni ya yule aliyeacha kazi."

Jumatano akarudia. Nilisikia nyayo kama kawaida, ko, ko, halafu zikanyamaza. Alipotoka hakuegemea mlango. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono juu ya magoti.

"Ameacha kutembea," akasema kwa sauti ya chini. "Nilipoingia tu akasimama. Akageuza kichwa kidogo, akawa anasikiliza."

"Wamemchora hivyo."

"Hawajamchora. Na pedi ilinivuta mkono, Dada. Fundi alisogea kumfuata na mimi sijabonyeza."

Nikamtazama. Vidole vyake gumba vilikuwa vimetulia juu ya magoti. Tangu utotoni sikuwahi kuviona vimetulia, na hilo ndilo lililopaswa kunishtua. Lakini nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani, na mama mkwe wake alikuwa amepiga simu mara nne.

Alhamisi asubuhi nilimshonea kiraka begani, shati lake jeupe la kazini. Uzi mweupe ulikuwa umeisha, nikatumia wa kijani. Akaniambia nimemharibia shati. Nikamwambia hakuna atakayemwona kwa nyuma.

Alikuwa anazungukazunguka. Akanywa maji, akarudi, akanywa tena.

"Nataka kuiacha hii ripoti," akasema. "Nitawaambia haikurudiwa."

"Na kile chumba chako watakupa?"

Akatoa chaki mfukoni, akairudisha.

"Umeshafanya mara mbili. Bado ngapi?"

"Moja."

Nilikuwa na pini mdomoni. Sikuinua hata kichwa.

"Maliza," nikamwambia.

Akaenda.

Saa nane na nusu nyayo zikaanza. Ko, ko, ko. Nikawa nakanyaga cherehani kwa mwendo wake. Ghafla nikasikia nyayo zimekuwa za watu wawili. Moja nzito, nyingine nyepesi. Nikaacha kukanyaga. Ile nzito ikanyamaza.

Ile nyepesi ikaendelea.

Nikaita, "Kidole." Nikaenda mlangoni kwake, nikagonga, nikaingia. Kiti kilikuwa bado na joto. Dirisha lina nondo, na mlango ni huu mmoja, nami nilikuwa mbele yake muda wote. Pedi ilikuwa sakafuni inatetemeka. Nikatazama skrini.

Chumba kidogo. Hakina dirisha. Mtu amegeukia ukuta, anatembea palepale. Hakuwa na sweta. Alivaa shati jeupe, na begani lilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa kijani.

Niliokota pedi. Nikavuta kijiti nyuma. Hakugeuka. Nikabonyeza kila kitufe. Nikaipiga skrini kwa kiganja. Nikamwita jina lake la utotoni, lile ambalo mama peke yake ndiye aliyelitumia. Akasimama. Kichwa kikageuka kidogo, sikio likaja upande wangu. Nikaona shavu lake. Kisha bega lake likaanza kusogea nyuma, mgongo ukapinda, na nikaelewa kwamba ukuta ndio uliokuwa unamsogelea. Akaweka mikono. Akaanza tena kutembea.

Umeme ulikatika jioni ile. Skrini ikafa. Nilipiga magoti nikilia, kisha nikanyamaza, kwa sababu nyayo hazikukatika. Zilikuwa zinatoka ukutani, huu ukuta kati ya chumba changu na chake. Umeme uliporudi mchezo ulifunguka mwanzo kabisa, Fundi Bomba anasubiri kwenye mlango mkuu na kisanduku chake cha vifaa. Chumba kile hakikuwepo tena.

Polisi waliandika maelezo yangu wakanipa pole. Ndugu walisema amekimbia kazi nyingine. Mchoraji ndiye pekee aliyekuja akakaa sakafuni, akaweka sikio ukutani. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono mdomoni.

Ndiye aliyeniletea karatasi. Ripoti ya Bwana Sweta, alisema, ilifutika yenyewe Alhamisi saa nane na nusu. Dakika ileile ikatokea nyingine kwa jina la Kidole. Chumba cha arobaini na moja, hatua nane. Niliisoma nimesimama. Anza mchezo upya. Fungua bomba la jikoni, usilifunge. Panda ngazi kinyumenyume. Hatua ya nne, ya tano, ya sita. Halafu namba saba, na mbele yake nafasi tupu. Halafu ya nane: endelea kusukuma.

"Ya kwanza ilikuwa na ya saba?" nikauliza.

"Ilikuwepo. Lakini mimi sikuisoma, na msimamizi hasomi kitu."

Akaniambia na jambo jingine. Bwana Sweta ameonekana. Mkewe alimkuta jikoni kwake Alhamisi ile mchana, amesimama akitazama sinki.

Nilikwenda. Nilimkuta amekaa katikati ya sebule, kiti kimewekwa mbali na kila ukuta. Ngozi ya paji lake la uso ilikuwa imekuwa ngumu, na viatu vyake, vilivyokuwa bado mlangoni, vilikuwa vimelika vyote mbele. Alikuwa amepotea miezi saba. Hakunitazama.

"Unasukuma," aliniambia kwa kunong'ona. "Ukiacha kusukuma, ukuta wenyewe unakusukuma."

"Mdogo wangu anatokaje?"

"Kama nilivyotoka mimi. Mtu afuate hatua mara tatu. Akiingia mmoja, anatoka mmoja."

"Hatua ya saba ni ipi?"

Akafumba macho. Alisema ukitoka unaisahau, na kwamba alipogundua ameisahau alimshukuru Mungu. Kisha akauliza kwa nini mimi siijui, maana unapokuwa ndani ripoti unaiandika, utake usitake, mkono unaandika wenyewe. Nikamwonyesha karatasi. Akaitazama nafasi ile tupu kwa muda mrefu, mpaka mkewe akaja kusimama nyuma yake.

"Mimi niliandika zote nane siku ya kwanza," akasema. "Nilimwandikia yeyote. Huyu ameuzuia mkono. Sijui ameuzuiaje." Machozi yakamtoka. "Anajua ni wewe utakayezifuata."

Huo ni mwaka mmoja uliopita, na miezi kadhaa juu yake. Mchoraji alinifundisha kushika pedi. Mimi niliyekuwa namwita mdogo wangu mtoto kwa sababu ya michezo, sasa namjua Fundi Bomba kuliko wateja wangu. Nafungua bomba, nasikia maji. Napanda ngazi kinyumenyume, vidato kumi na tatu. Nafika hatua ya sita, nasimama mbele ya ukuta ule, nabahatisha. Nimejaribu kuruka, kuinama, kugonga, kusubiri saa nzima. Nimejaribu kuomba msamaha kwa sauti. Hakifunguki. Kidole amenifungia mlango yeye mwenyewe, yule kijana niliyesema hajui kukamilisha jambo. Siku nyingine namshukuru. Siku nyingine namtukana mpaka jirani anakohoa.

Sitoki sana. Wateja wananiletea nguo mlangoni. Nilihamisha cherehani nikaliegemeza kwenye ukuta wetu, na nikikanyaga nakanyaga kwa mwendo wake, ili ajue nipo. Ko, ko, ko. Mwanzoni zilikuwa nyayo za kijana. Siku hizi zinaburuta. Wiki iliyopita zilisimama mara mbili, na kila ziliposimama rangi ya ukuta ilipasuka kidogo upande wangu.

Jana nimemaliza nguo zote za watu. Nimezikunja, nimebandika majina. Funguo nimempa mchoraji, nikamwambia Kidole akionekana asimuulize lolote, amketishe katikati ya chumba, ampe maji. Shati lake jipya liko kitini. Safari hii nimetumia uzi mweupe.

Nimefanya hivyo kwa sababu asubuhi ya jana nilipovuta kitambaa ili nikate, niliona ukuta una maandishi. Ya bluu. Chaki yangu. Niliyafuta kwa kitambaa kibichi, hayakufutika. Nikakwangua kwa ukucha, rangi ya ukuta ikabanduka, maandishi yakabaki palepale, yanaonekana vizuri zaidi. Yako upande wa ndani. Mwandiko ni wa mdogo wangu, ule wa kulalia kushoto, ila herufi zinatetemeka.

Imeandikwa namba saba, na hatua yenyewe. Siiandiki hapa. Ni jambo dogo, hata ninyi mmeshalifanya leo.

Chini yake kuna maneno mawili.

"Dada, maliza."